Kiganja Juu ya Bati

Kabla kengele ya saa nne haijalia
natoka bandani na funguo zangu,
naweka kiganja juu ya mtelezo wa bati
na kuhesabu.
Nikifika tano mkono haujaruka, watoto watateleza.
Leo sikufika mbili.

Nauzungushia kamba ya manjano,
nafunga fundo la mtu anayevijua vidole vya watoto.
Cunnamulla, mwezi wa pili.
Upepo unatoka magharibi
kana kwamba kuna mtu kafungua tanuri huko
kuchungulia mkate, akasahau kufunga.
Nzi wenyewe wamehamia chini ya tangi.

Kipimajoto nilikipigilia nyuma ya maktaba, kivulini.
Arobaini na tatu.
Mwalimu Gorrie anakuja na daftari, anakisoma,
anakisoma tena,
kama kwamba kitajirekebisha kwa kuheshimu cheo chake.

Kisha milango, kisha kofia:
themanini na moja, za buluu, ukingo mpana, kamba kidevuni,
uyoga uliochipuka ghafla
katika nchi isiyoona mvua mwezi wa kumi na nne sasa.

Foleni mbele ya kopo la krimu.
Mimi ni wa pua na masikio.
"Masikio pia?"
"Masikio hasa."
Wanalitazama langu la kushoto,
lililokatwa pembe
kama pasipoti iliyokwisha muda.
Hawaulizi tena. Waliuliza mwaka juzi, nikawaambia
jua lilinila. Lilining'ata polepole, miaka arobaini,
nami nikidhani linanibusu.

Sisi tulicheza vichwa wazi.
Jioni tulibanduana ngozi mabegani
kama maganda ya vitunguu,
tukishindana nani atatoa kipande kirefu kisichokatika.
Kaka yangu Clive alishinda kila mara.
Clive yuko ng'ambo ya reli, penye misalaba.
Kilikuwa kidoa tu, mgongoni,
si kikubwa kuliko mbegu ya papai,
na mgongo wako mwenyewe
huwezi kuuona.

Leo Rhys Tolhurst hana kofia.
Imechukuliwa na mto, anasema.
Mto Warrego, wiki hizi, hauna maji ya kuchukua jani.
Lakini sheria ni sheria: huna kofia, huchezi.
Anakaa benchi, chini ya turubai,
analia, machozi yanachora mifereji kwenye krimu.
Nimekwenda kwenye sanduku la vilivyookotwa:
soksi moja, filimbi, kijiko.
Nikarudi mikono mitupu.
Mchelea mwana kulia... Naijua.
Najua pia anavyolia,
kwa mabega.

Saa sita, jua la utosi,
bomba la kunywea likaanza kuvuja.
Nilitoka mbio na spana.
Nimepiga magoti, shingo nje,
kivuli kidogo kikanikalia mkononi.
Jirra Mooney, darasa la pili, mikono kiunoni.

"Bwana Nev. Huna kofia."
"Dakika moja, mama. Maji yanapotea."
"Huna kofia, huchezi."
"Mimi sichezi. Nafanya kazi."
Akafikiri. Akanyoosha kidole.
"Benchi."

Hakucheka hata kidogo.
Miaka sitini na tatu, na hakuna
aliyewahi kunitoa juani kwa amri.
Nikaiacha spana chini; nilipokuja kuiokota
ilibidi niishike kwa kitambaa.

Rhys alisogea, akanipa nafasi.
Tukakaa. Bomba likidondosha,
tone likigusa saruji,
likitoweka kabla ya mwenzake kufika.
Yeye akitazama sikio langu,
mimi nikitazama lake, zima,
jeupe kwa krimu hadi nyuma.

"Ulipotezea wapi yako?" akauliza.

"Mtoni," nikasema.