Nukta Mbili Sita

Saa mbili na nusu asubuhi, Mafinga, mwezi wa sita.
Ukungu umelala barabarani
kama ng'ombe asiyetaka kuswagwa.
Nawasha mashine, napuliza vidole,
naandika namba ya hatifungani, tarakimu kwa tarakimu,
na kioo kinafikiri.

Bi Gaudensia Luhwago kafika kabla ya chai,
buti zina tope la Ihalimba,
kitambaa kimefungwa mpaka kidevuni.
"Kamwene," anasema, na papo hapo:
"Leo ni ngapi?"

Mia moja na nne, nukta mbili sita.
Mavuno: kumi na mbili, nukta sita tatu.

Naanza kumweleza bei ikipanda mavuno hushuka,
nachora mzani kwenye kopo la karatasi chakavu
kama tulivyochorewa kwenye semina kule Iringa.
Ananikata. "Mwanangu, mimi nauza viazi.
Mwaka wa mavuno mengi gunia halinunui hata chumvi.
Hilo nalijua. Nionyeshe nisilolijua."

Basi nikamwonyesha safu ya mnunuzi.
Tupu.
Mara ya mwisho kuuzwa: siku tisa zilizopita.
Bei ile ni ya mtu aliyekwisha kwenda zake,
kama joto kwenye kiti.

Akasogea mpaka pumzi yake ikafifisha tarakimu.
Hati yake ya milioni mbili ilikuwa miti,
ekari moja na nusu iliyosalia
moto wa Oktoba ulipochoka,
paini alizopanda akiwa na mimba ya Festo.
Zilikatwa, zikanukia utomvu siku tatu,
zikawa mbao, zikawa fedha, zikawa karatasi,
zikawa mstari huu wa kijani
usiojua moto.

"Miti iliyosimama nayo ilikuwa na bei," akasema.
"Kila aliyepita aliitaja.
Mwenye msumeno hakuja
mpaka aliposikia nina mgonjwa."

Akauliza inaiva lini. Nikamtajia mwaka.
Akahesabu kwa vifundo vya vidole,
akarudia, akacheka puani,
akanipa risiti ya mbolea niandike nyuma yake:
104.26.
Hakusema atauza. Hakusema hatauza.
Akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la kitenge
pamoja na ufunguo.

Lori la nguzo likapita, dirisha likatetemeka,
na nilipogeuka safu ilikuwa na mtu:
mnunuzi mmoja, mia moja na nne, nukta mbili saba.
Senti moja. Kwa hati yake, shilingi mia mbili,
andazi.

Nikatoka mpaka mlangoni na kalamu mkononi.
Ukungu.
Nikaita jina lake mara moja,
kwa sauti ya ofisini.