Ndoo ya Lodi Everadi

Mimi Jago mtumishi,
meno yamekwisha, mbishi;
bwana kafa, mi naishi,
natoboa yake siri.

Magazeti yamesema
simba wa maji kahama,
hakutetereka, kama
mwamba ndani ya bahari.

Nilicheka peke yangu:
chini ya kitanda changu
kuna ndoo moja, wangu,
mwenzi wa kila safari.

Kila tung'oapo nanga,
siku tatu, bila chenga,
Lodi rangi kama unga
hutapikia hariri.

Uingereza ni vile:
wa kwanza shamba alile,
wa pili hurushwa mbele
akatafute fahari.

Everadi, kimo haba,
kofia ikimziba,
ana barua ya baba
kwa nahodha mashuhuri.

Nilimkuta gizani
nyuma ya mapipa, chini,
ndoo yangu mapajani.
Akasema, "Nisitiri."

Neno moja, nikashika
hamsini ya miaka,
vyeo vyake vikiruka,
luteni, kisha amiri.

Machi moja, na ukungu
ukaufuta uwingu,
ikawa giza la chungu,
na upepo una shari.

Hosea ndiye rubani.
Akasema, "Tuko pwani,
tutie nanga, jamani,
hadi itoke nahari."

Lodi kesho ana ngoma
kwa Duki, na ni lazima.
Akajibu, "Twende hima!"
Damu bora, na kiburi.

Mwamba ukala tumboni,
tukamwagika povuni;
vijana wake tisini
hawakupata kaburi.

Mezani huwa upanga:
ncha kwako, ndilo janga;
kipini, waweza ringa.
Ndiyo yao desturi.

Mjomba kashasemana
na majaji, wakichana
kware wa kuchoma jana;
Lodi katoka na heri.

Ncha kapewa Hosea,
cheo kikampotea,
pombe ikamzoea,
akafa bila habari.

Kila Machi, kwa mjane,
bahasha nyekundu, nene,
nilitumwa, nimuone,
nimpe pasi kukiri.

Morwena hakufungua;
mkate akanyofua,
kimya kikanichukua,
chai haina sukari.

"Mrudishie," kasema,
"fedha haitasimama
kizimbani kuungama;
kinywa chake nasubiri."

Thelathini zilifika,
drooni zikafungika,
na nishani zikawaka
kifuani mwa Amiri.

Jumatatu kaniita,
yu kitandani, atweta,
nyumba yote yampeta
kana kwamba ni bahari.

Ndoo nikamshikia;
humo akatamkia
jina, na akaishia:
Hosea! Sikusitiri.

Morwena bado yu hai;
kesho naenda kwa chai,
sukari wala sidai.
Ndoo yangu i tayari.