Chanda Chema

Jumatatu mkokoteni wa kiwandani huleta sanduku:
matumbo ya mipira, sufu iliyozungushwa ikakaza,
na ngozi za farasi zilizokatwa kwa umbo la namba nane,
bado zina unyevu, bado zanuka zizi.
Mimi, Delphine Thibodeau, nina sindano mbili na donge la nta.
Hulipwa kwa dazeni.
Ukilegeza mshono, hulipwi.

Uwanjani sijafika. Tiketi ni senti hamsini,
na bia humwagikia marinda, asema mke wa mrushaji.
Besiboli naijua kwa njia nyingine:
kwa mikono ya Anselme inaporudi nyumbani.

Anselme ni mdakaji. Huchuchumaa nyuma ya gongo,
uso ndani ya kizimba cha waya,
mikono mitupu.
Mpira humjia kama tusi:
hauna pa kwenda ila kwake.

Mei kilipinda kidole cha shahada.
Juni gumba likateguka, akalirudisha mwenyewe
kwa meno, watu elfu mbili wakishangilia.
Julai sikuhesabu tena.
Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa;
vyake kumi havifungi kifungo.
Ni mimi nimfungaye shati asubuhi,
yeye akitazama dari.

Pete ya ndoa iligoma kwenye kifundo.
Tulijaribu sabuni. Tulijaribu siagi,
wiki ambayo siagi ilikuwepo.
"Chanda chema huvikwa pete," nikamwambia, nikitaka acheke.
"Hicho chema nilikiacha Troy, awamu ya saba," akajibu,
"na tulifungwa vilevile."

Basi nikamshonea glavu, kwa vipande vilivyobaki.
Nikaichemsha na majani ya chai
hadi ikakaribia rangi ya kiganja chake,
jukwaani wasije wakaiona.
Aliivaa siku moja.
Wakaiona.
Mtu akamrushia kofia ya kike yenye utepe:
"Chukua na hii, bibi!"
Glavu sasa iko chini ya mguu mfupi wa meza.
Meza haiyumbi tena.

Agosti alirudi na mpira mfukoni,
ule uliokimaliza kidole cha pete.
Mwenye timu aliukata bei yake kwenye mshahara.
Nikaugeuza chini ya taa.
Mshono wa arobaini na moja umekazwa kupita wenzake:
usiku ule Rosaire alikohoa, nikashtuka, nikavuta.
Niliutambua kama mtu atambuavyo mwandiko wake
kwenye barua aliyojuta kuituma.
Sikumwambia.
Nilimwekea maji ya chumvi, nikapunguza utambi.

Ijumaa ikaja barua ya klabu. Mstari mmoja,
na jina lake wamelikosea.
Mkataba uleule uliomkataza kwenda timu nyingine
miaka mitatu, hata walipompunguzia ujira,
ulimtoa nje kwa siku kumi.
Ulikuwa mlango wenye kitasa upande mmoja.
Hakusema neno. Alitoka akapasua kuni,
akaangusha shoka mara mbili, akarudi ndani.

Usiku nikaukata mshono wangu kwa wembe.
Ndani, uzi. Uzi, uzi, wa kijivu na wa buluu,
hadi kikaruka kile kijiwe cha mpira
kikakimbilia uvunguni, paka nyuma yake.
Anselme alikaa ameinua viganja, nikamzungushia sufu;
vidole vile kwa kazi hii vilifaa, maana kazi yenyewe
ni kusimama tu na kungoja.
Nikamfumia Rosaire soksi.
Moja na nusu. Uzi haukutosha.

Pete nimemtundikia shingoni kwa uzi wa nta.
Fundo ni langu, halifunguki.

Kesho Jumatatu, sanduku litakuja.
Anselme, ambaye tangu chakula cha jioni hajasema kitu,
ameniuliza kama ile sindano ya pili
ni nzito.