Fundo

Jeraniamu hii niliinunua Januari
kwa riyali moja na nusu, kitaluni Barka.
"Ya kutambaa," muuzaji aliniambia, "haijui kusimama."
Nikaitundika kwenye vyuma vya roshani,
ghorofa ya nne, Ruwi.

Huinywesha maji ya kiyoyozi,
tone, tone, ndoo moja kutwa,
maji yasiyo chumvi, jasho la ukuta.

Wa chini yangu, Hamdun bin Suwed,
alipanda mara mbili kulalamika:
matone yanailowesha kanzu yake ya Ijumaa.
Nikaomba radhi. Nikasogeza ndoo.
Ua halikusogea. Lilishuka,
kikonyo baada ya kikonyo,
hadi mbele ya dirisha lake.

Sasa ni Juni. Jua linakaanga vigae.
Majani ya kwangu juu yamekauka kama karatasi ya halua.
Nikachukua mkasi, nikainama niikate yote,
nikaona, kule chini kivulini,
utawi mmoja umefungwa kwenye chuma chake
kwa uzi mweupe,
fundo la mtu asiyejua mafundo,
na chini ya fundo, ua.

Mkasi nimeurudisha jikoni.
Maji ya leo nimeyamimina yote, taratibu.
Hakuna aliyepanda.