Neno la Karani Amisi

Karani Amisi Pene alitoka nalo Kasongo
limekunjwa kama shati la sikukuu,
akalivaa peke yake Kamalondo
ambako sisi sote tulisema dekonti,
neno kavu, la dirishani,
linaloishia pale kidole kinapopakwa wino.

"Dekonti ni hesabu," alisema. "Hesabu haina mwili.
Wazee wangu walisema kiinua mgongo."

Akalipasua kwa chaki
kwenye mlango wa jiko la mama:
ki, yaani kitu, si lazima kiwe kikubwa;
inua, hilo mnalijua, ninyi wa mabeseni;
mgongo, akageuka akatuonyesha wake.
Alidai lilizaliwa shambani,
mwisho wa tuta, jembe lingali na udongo,
mtu ananyooka polepole, mkono kiunoni,
na mwenye shamba anampa kitu,
kipande cha muhogo, konzi ya chumvi,
ili mgongo usirudi nyumbani umeinama.
Baadaye likavaa suruali, likaingia ofisini.
Huenda alibuni. Nilikuwa na miaka tisa
na nilimwamini mtu yeyote mwenye chaki.

Mama hakuamini, lakini neno alilichukua.
Mama hakuacha kitu kizuri kilale nje.
Tukimaliza kufua, Monga na mimi,
alitukatia kila mmoja mkia wa tomson:
"Haya, kiinua mgongo chenu,
na sufuria ya bukari bado inawangoja."

Baba alilingoja kwa njia nyingine.
Kampuni ilizima tanuru, moshi ukaacha bomba kubwa,
mji ukaona anga yake
usijue uifanyie nini.
Miaka kumi na mmoja, kila Jumatatu, dirishani,
karatasi zake ndani ya mfuko wa sukari.
Barua alimwandikia Karani Amisi,
na katika kila barua aliacha nafasi
kati ya kiinua na mgongo,
nafasi pana, ya kupitisha kidole.
Nilimuuliza: ni neno moja au mawili?
Akasema: kwa wengine ni moja.
Kwa baba yako, bado.

Siku ilipofika walimpiga picha kwanza.
"Mzee, inua kichwa."
Baba aliinua macho tu;
shingo na kiuno vilishapatana zamani.
"Inua kidogo, mzee, mashine haikuoni."
Monga akapiga magoti pale kwenye saruji,
akamshika kidevu kama anayemnyoa mtoto,
na picha ikatoka na vidole vyake ndani.

Walikata nyumba. Walikata sabuni.
Walikata koleo lililopotea
mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Kilichobaki baba alikihesabu mara tatu,
akanunua tomson watatu,
akatuita, sisi watu wazima wenye watoto,
akatukatia mikia.
Vichwa alikula yeye, ameinamia sahani.
Karani tulikuwa tumemzika kiangazi kile,
na mlango wa jiko umepakwa rangi mara mbili.

Sasa nafundisha Ruashi, darasa la nne.
Juzi niliwapa watoto maneno kumi watungie sentensi.
La saba lilikuwa lile.
Wengi waliacha wazi. Mmoja aliandika dekonti,
nadhani alisaidiwa nyumbani.
Na Kalumba wa dirishani,
anayekuja na vumbi jekundu hadi kwenye kope,
aliandika kwa herufi za kusimama:

Kinua mugongo ni kamba.
Papa anajifunga mu kiuno, anashuka mu shimo.
Mangaribi bantu ine banamuvuta.

Nilifungua kalamu nyekundu
nikaongeza i moja iliyopungua.
U ya mugongo niliiacha, ndivyo tunavyosema hapa.
Nikasoma tena, mara tatu.
Kosa jingine sikuliona.