Mpira Upande wa Ndani

Saa nane za usiku, Kadutu, umeme umekwenda tangu juzi.
Sikuamshwa na sauti, niliamshwa na harufu:
ndizi mbivu, mtama uliokaangwa,
harufu ya keshokutwa imefika leo.
Nashuka kitandani, unyayo unakanyaga utelezi.
Pipa linavuja.

Pipa la bluu, lita mia moja na ishirini,
lilipanda mlima na mawese, likabaki kwangu.
Zihindula alilitoboa kwa nondo iliyolala motoni,
moshi wa plastiki ukatutoa machozi sote wawili,
akapachika robine ya shaba, akaipiga kofi
kama mtu anayeuza ng'ombe:
"Sasa hutachota tena kwa kopo kama bibi yako."
Kesho yake akapanda lori la Kamituga.

Tundu lake si duara. Nimelipima kwa kidole.
Lina pembe kidogo kushoto,
pale haraka ilipomshika.

Tone. Naweka bakuli.
Tone. Kati ya tone na tone
naweza kusema Salamu Maria mpaka "umejaa neema",
sifiki mbali zaidi.
Bakuli kwa saa, franka mia tano kwa bakuli,
na keshokutwa ni mahari ya binti wa Mama Cibalonza.
Wamelipa nusu. Nusu hiyo
imekwisha kuwa daftari na viatu vya shule.

Kulipokucha kila mlango ulitoa fundi wake.
Wa kulia: paka sabuni.
Nikapaka. Ikaendelea kuvuja, sasa kwa usafi.
Wa nyuma: nta ya mshumaa.
Mtoto wa Byamungu akatoa shikileti kinywani mwake,
akanipa, kwa moyo wote.
Shemeji akaja na spana ya magurudumu.
"Kaza," akasema. Nikakaza.
"Kaza tena." Nikakaza mpaka mshipa wa shingo ukasimama.
Matone yakawa uzi.

Nikawashukuru, nikafunga mlango, nikakalia ndoo.

Kumimina siwezi: sina pipa la pili,
na kasiksi ikisumbuliwa ingali inachemka
hugeuka siki, wageni wakunje midomo mbele ya wakwe.
Lakini nani alisema pipa lazima lisimame?
Nikalisukuma polepole, nikaliegemeza kwenye gunia la makaa,
robine ikatazama mabati,
pombe ikarudi nyuma.
Uzi ukakatika.

Nikanawa kwa maji ya moto mpaka kwapani,
nikafungua kifuniko, nikapitisha mkono juu ya povu,
povu likanitekenya kiwiko kama ulimi wa ndama.
Ndani nikaikuta nati peke yake,
chuma juu ya plastiki, uso kwa uso.
Mpira, Zihindula, uliuweka nje.
Nje, unakoonekana.

Chini ya kitanda palikuwa na kandambili yake ya kushoto.
Nikachora duara kwa chupa ya dawa ya kikohozi,
nikakata kwa wembe, nikachemsha mara mbili
(mguu wake naujua),
nikauvisha ndani, nikazungusha kwa vidole tu,
halafu robo. Robo, shemeji.
Mpira ukibanwa sana hukimbia.

Jioni akapiga simu. Watoto wazima? Wazima.
Mvua? Ipo. Karo? Nikamwachia hilo lining'inie.
Kisha nikamwambia: mpira ulikuwa upande usiofaa.
Kimya. Nilisikia mashine za huko zikisaga mawe.
"Kandambili yangu ipo?" akauliza.
Mtandao ukakatika,
au nilikata mimi.

Siku ya mahari, alfajiri, Mama Cibalonza na bidoni zake tatu.
Nikafungua: mkondo mnene, rangi ya udongo baada ya mvua.
Nikafunga.
Tukainama wote wawili, vichwa vikagongana.
Chini ya mdomo wa shaba tone moja lilining'inia,
likavimba, likafikiri.
Tulingoja.
Halikuanguka.