Mwalimu Yuwaja

Bawabu wa Ganjoni alinipokea kwa Kiswahili
alichonishonea yeye mwenyewe, cha kunitosha:
"Mama, veve nataka nini?"
Nikamjibu: "Nipisha ndia, mwanangu, jua laningia mato."
Akasogea, akakitazama kinywa changu
kama redio iliyozimwa, na bado inaongea.

Bwana Mwaluma alikuwa ameniajiri kwa simu.
"Bi Insiya, sauti yako ya Kibokoni haswa."
Sura hakuiuliza, nami sikumtajia;
nani huitaja sura yake kwenye simu?

Darasani walikuwa wanne, Wakorea,
mainjinia watatu wa bandari, na Bi Paik, mke wa mmoja wao.
Daftari mpya, penseli zimechongwa hadi kudunga.
Nikasema hamjambo, wakaitika vizuri.
Kisha Bwana Paik akachungulia nyuma ya bega langu,
mlangoni, kwa adabu zote,
kama amngojaye bwana harusi:
"Mwalimu yuko njiani?"

Ningesema nini?
Kwamba tumeuza vitasa na kufuli Bondeni vizazi vinne?
Kwamba nyanya yangu Sugrabai
alitukana kwa Kigujarati, akasali kwa Kiarabu,
na usiku ule wa mwisho, midomo imekauka,
maji aliyaomba kwa Kiswahili?
"Yuwaja," nikamwambia.
Nikachukua chaki.

*Mhindi, mihindi*: huo hupandwa.
*Hindi, mahindi*: hayo huchomwa, yakapakwa ndimu na pilipili.
*Mhindi, Wahindi*: hawa huulizwa wametoka wapi.
Wakanakili yote,
hata mstari wa tatu.

Wiki ya pili Mwaluma aliniita, macho yake kwenye kalenda.
"Si mimi, ni wateja. Wametoka mbali,
wanataka kukiona Kiswahili, si kukisikia tu."
Akamleta Kiprono, kijana mpole, shahada yake ya kilimo,
asimame mbele.
Mimi nitunge mitihani chumba cha nyuma,
kando ya jokofu.
"Kitabu hii iko na picha mingi,"
ukuta ukaniletea,
nami nikaitafuna kalamu hadi wino.

Alhamisi, Bi Paik akabisha, gilasi ya chai mkononi.
Hakuketi.
"Mimi zaliwa Toronto. Sura hii hii.
Kurudi Seul, fundisha Kiingereza.
Mama moja angalia mimi, angalia mlango.
Uliza, mwalimu wa kweli wapi?
Mshahara ndogo. Picha yangu ukutani, toa."
Akanyamaza, akitafuta neno;
jokofu likanguruma, likatulia, likanguruma tena.
"Lakini Kiingereza ni lugha yangu ya… maziwa."

Hilo sikulisahihisha.
Mengine yote niliyasahihisha bila huruma,
maana heshima nyingine siijui:
*Mama mmoja. Aliniangalia. Mshahara mdogo.*
Akarudia, kidole kikihesabu mezani.
*Waliitoa*, nikasema. *Picha, waliitoa.*
"Waliitoa," akasema, na hapo ndipo alipoketi.

Siku zikaenda hivyo. Akawa anakuja mapema,
na saa kumi, watu wakishatoka, Kiprono naye
huufungua mlango kidogo, kama mwizi wa sukari:
"Mwalimu, ni hii ama hiki?"
"Hiki. Keti."
Akaketi juu ya kreti ya soda.
Kwao Nandi, alituambia, shamba lote ni mahindi.
Nilimtazama nione kama anatania.
Hakuwa anatania.

Mshahara wangu haujaongezwa.
Ukutani pale mbele ni picha ya Kiprono, amevaa kanzu ya kuazima,
na bawabu husema *shikamoo* sasa,
ingawa kwanza hutazama kushoto na kulia.

Jana mlango ulifunguka, Bwana Paik, daftari kifuani.
Akamwona Kiprono kwenye kreti, akaniona mimi,
akamwona mkewe ana chaki mkononi.
"Mwalimu yuko?"
Kiprono akanitazama. Nami nikafungua kinywa.
Bi Paik akatuwahi sote, bila kugeuka ubaoni,
akiivuta sauti kwa lafudhi ya Kibokoni, haswa:
"Yuwaja."